Kwanini santrali ya linyiti haiwezi kukaa mbali na shimo lake

Kila mara delestaji ikizidi hapa Lubumbashi, yaani kuran (umeme) inaenda asubuhi inarudi usiku wa manane, kuna maneno yanarudi midomoni mwa watu: makala ya mawe tunayo, Luena iko pale kwenye reli, Kalemie nayo iko, sasa kwanini hatujengi santrali (kituo cha umeme) ya makala kama ya Ujerumani, shimo huku, tirbini huku, mambo yaishe? Na mtu anatoa simu anaonyesha picha ya yale mashini makubwa yanayokula udongo. Ni swali la haki kabisa. Lakini jibu lake haliwezi kuwa ndiyo ao hapana ya haraka, juu yale mashini ya kwenye picha hayachimbi makala kama ya Luena, yanachimba linyiti, makala ya kahawia, na hiyo ni kitu ingine, ina hesabu yake. Tabia yake moja ukiishaielewa, ile ya maji, karibu mambo yote ya mgodi wake na santrali yake utayaona yanatoka humo humo.

Tuanze na kitu chenyewe. Makala ya mawe yote yalikuwa miti na majani ya mabwawa ya zamani, yakafunikwa na udongo, yakakandamizwa, yakapata joto la chini, na kadiri miaka inavyopita maji yanatoka na kaboni inabaki. Makala ngumu nyeusi za Ulaya, zile zilizoendesha treni na viwanda, zina miaka kama milioni 300. Za kwetu, Luena na Lukuga kule Kalemie, ni za mawe ya Karoo, tabaka za zamani za kusini mwa Afrika, nazo zinazidi miaka milioni 250. Linyiti ya upande wa Rhine, Ujerumani, haifiki milioni 25. Bado changa. Iko laini, rangi ya kahawia, inavunjika kwa vidole, na mara ingine unakuta ndani yake kipande cha mti kizima, nyuzi zake bado zinaonekana. Na maji hayajatoka: ile ya Rhine karibu nusu ya uzito wake ni maji, ingine inafika asilimia 60, na ile ya Latrobe kule Australia inapita hapo.

Fikiria umenunua gunia la makala soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, umelipa bei yote, umelipa na mtu wa kubeba, unafika nyumbani unafungua, kumbe nusu ya uzito ni maji. Utawasha mbabula lakini moto wa kwanza wote unaenda kukausha, na chakula kinangoja. Njo linyiti hiyo. Kilo moja ya makala nzuri nyeusi ina joto la megajuli 25 hivi, kilo moja ya linyiti ya Rhine ina kati ya 8 na 11.

Sasa shika hesabu moja kichwani, iko rahisi: tani moja ya linyiti inatoa karibu megawati-saa moja ya umeme. Kwa hiyo santrali ya megawati 1,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula tani 1,000 kila saa, tani 24,000 kwa siku. Sisi watu wa barabara ya Kasumbalesa tunajua kamiyo (lori) ya tani 30 inafananaje na inakaa wapi. Gawanya: ni kamiyo 800 kila siku, moja kila dakika mbili kasoro kidogo, usiku na mchana, siku ya mungu na sikukuu.

Na pesa yake je? Kamiyo ya tani 30 ya shaba, tuseme bei iko dola 9,000 kwa tani, imebeba dola 270,000 mgongoni, njo maana inaweza kulipa mazuti, kulipa mpaka, kulala kwenye foleni, ivuke Zambia yote ifike Durban ao Dar es Salaam na bado kuna mtu anapata faida. Kamiyo ile ile ikibeba linyiti imebeba umeme wa megawati-saa 30, na hata ukiuza kila moja dola 60 ni dola 1,800 tu, na hapo bado haujalipa mgodi, haujalipa santrali, haujalipa mtu hata mmoja. Kilometa mia mbili tatu za barabara zinakula yote. Na nusu ya mzigo uliolipia ni maji.

Njo maana santrali ya linyiti inajengwa kwenye mdomo wa shimo. Kule Bełchatów, Poland, santrali kubwa kuliko zote za linyiti Ulaya, zaidi ya megawati 5,000, makala inatoka kwenye shimo inapanda kwenye mikanda inaingia moja kwa moja. Serbia, mgodi wa Kolubara unalisha santrali za Nikola Tesla pale Obrenovac kwa reli ya kama kilometa 30, na umeme karibu nusu ya nchi unatoka humo. Upande wa Rhine wana reli yao wenyewe inayozunguka kati ya mashimo na santrali tu, haina kazi ingine. Kinachosafiri mbali ni kuran, makala haisafiri. Hiyo sisi watu wa Katanga hatuwezi kushangaa, juu baraji la Inga, kwenye mto Congo, liko kilometa 1,700 toka Kolwezi, na toka 1982 ni waya unaoleta, mto umebaki kwao.

Twende sasa kwenye shimo lenyewe, juu hapa njo fasi watu wengi wanachanganya na kariyeri zetu, mashimo ya shaba.

Kwetu, Kolwezi ao hapa Ruashi, mwamba ni mgumu: unatoboa, unaweka baruti, unapasua, pele (mashini ya kuzoa) inapakia, kamiyo kubwa zinapandisha juu. Shimo linazidi kwenda chini na kupanuka, na linabaki pale pale. Linyiti haichimbwi hivyo. Juu yake kuna mchanga, kokoto, udongo wa mfinyanzi, vitu laini, hakuna haja ya baruti. Lakini ni vingi ajabu. Kule Hambach, kati ya Köln na Aachen, fasi walianza kuchimba 1978, shimo limeshuka karibu mita 400, na kwa kila tani moja ya linyiti wanatoa kwanza karibu mita 6 za ujazo za udongo ambao hauna faida, wale wa mgodi wanaita sterili. Soma tena hiyo: mita 6 za ujazo za udongo, kupata tani moja, ambayo nusu ni maji. Biashara ya namna hiyo inaishi paka kama kuhamisha udongo ni rahisi sana, na hapo njo yale mashini ya kwenye picha yanaingia.

Chukua moja, Bagger 288, Krupp walilimaliza 1978. Uzito tani 13,500, urefu mita 220, kimo mita 96. Mbele kuna gurudumu la zaidi ya mita 21 toka chini mpaka juu, limefungwa ndoo 18, kila moja inabeba mita 6.6 za ujazo. Gurudumu linazunguka pole pole na mkono mzima unapita kushoto, unarudi kuume, ukikwangua ukuta wa udongo kipande kwa kipande. Ndoo ikifika juu inajimwaga, udongo unaanguka kwenye mkanda ndani ya mkono, unaenda kwenye mkanda mwingine, halafu mwingine, kilometa na kilometa, mpaka upande wa pili wa shimo fasi kuna mashini ingine ya kumwaga. Mita za ujazo 240,000 kwa siku moja, na watu wanaoliendesha ni wachache, hawajai hata teksi-bisi. Haina mazuti. Inavuta waya nyuma yake, na inahitaji megawati 16 na zaidi kufanya kazi. Kule Matebe, santrali ya maji inayolisha sehemu ya Goma, nguvu yake yote ni megawati 13 hivi. Mashini moja ya kuchimba inakula kuliko santrali hiyo, na kuran yake inatoka wapi? Kwa ile ile linyiti inayoichimba.

Na ile ya kumwaga upande wa pili njo inafanya shimo litembee. Mbele linakula, nyuma linafunikwa, miaka kumi, ishirini, linasogea kwenye ramani, na kila kitu kilicho mbele yake kinajua siku yake, shamba, barabara, kanisa, makaburi. Mwaka 2001 walitoa lile Bagger 288 Hambach likatembea lenyewe kilometa 22 mpaka shimo la Garzweiler, wiki tatu hivi, likavuka barabara, reli na mto, juu kulibomoa na kuliunganisha tena ilikuwa ghali kuliko kulitembeza.

Mtu wa gurudumu kazi yake si nguvu tu. Kati ya tabaka za linyiti kuna mishipa ya udongo wa mfinyanzi na mchanga, akikosea kidogo ule udongo unaenda na makala mpaka kwenye moto, na udongo hauwaki, unakuwa majivu, unakula vyuma vya shodiere, lile tanuru la kuchemshia maji yawe mvuke wa tirbini. Kwa hiyo wanapima makala njiani, maji ni kiasi gani, majivu ni kiasi gani, salfa je, na wanachanganya ya fasi hii na ya fasi ile ndipo santrali ipate chakula chenye kufanana siku zote. Shodiere imeshonwa kwa linyiti ya shimo lile, ukiileta ya shimo lingine inaweza kuigomea, vyuma vinajaa uchafu, joto haliji vizuri.

Sasa maji ya chini. Kwetu, kwenye baraji za Nzilo, Nseke, Koni, Mwadingusha, maji njo kazi yenyewe, yakija mingi tunafurahi. Kwenye shimo la linyiti maji njo adui wa kila dakika. Mchanga ulio juu na chini ya makala umejaa maji, ukichimba bila kuyatoa kuta zinakuwa uji na sakafu inanyanyuka. Kwa hiyo kabla ya gurudumu kufika, miaka kabla, wanatoboa visima kuzunguka shimo zima, visima vya mamia ya mita, na pampu zinavuta mchana na usiku mpaka maji ya chini yashuke kuliko sakafu ya shimo. Upande wa Rhine ni mamia ya mamilioni ya mita za ujazo kila mwaka. Sehemu inaenda kupoza santrali, sehemu wanarudisha ardhini kwa makusudi kule karibu na mpaka wa Uholanzi ndipo mabwawa yasikauke, nyingine inaenda mtoni. Lakini maji hayashuki chini ya shimo tu, yanashuka kilometa nyingi pembeni, ardhi inakaa chini kidogo kidogo, na haikai sawa sawa, upande mmoja unashuka zaidi ya mwingine, ukuta wa nyumba unapasuka, na mwenye nyumba inabidi athibitishe kwamba ule ufa umeletwa na mgodi ulio mbali, hata hauonekani toka dirishani kwake. Hiyo mimi naiona ni dhuluma ya kimya, na mtu yeyote wa hapa anayeishi karibu na mgodi anaielewa bila kuelezewa.

Na maji yakishinda, yanashinda kweli. Februari 2011 kule Çöllolar, Uturuki, mgodi unaolisha santrali ya Afşin-Elbistan, ukuta wa shimo ulianguka mara mbili ndani ya siku chache, wafanyakazi 11 walikufa, na wengi wao mpaka leo wako chini ya ule udongo. Juni 2017 Ugiriki, shimo la Amyntaio, ukuta mrefu uliteleza na kijiji cha Anargyri ikabidi watu wahame. Hapo hakuna baruti, hakuna gesi, ni udongo laini, maji, na kimo. Mei 2014 Serbia mvua ilinyesha mpaka mito ikapasua kingo, shimo la Tamnava la Kolubara likawa ziwa, mashini zimezama ndani, na nchi ikaanza kununua umeme nje, juu santrali ziko nzima kabisa lakini chakula chao kiko chini ya maji. Wale wanaosema makala haiogopi hali ya hewa kama baraji inavyoogopa ukame, huo mwaka wa Serbia wausome.

Tuingie santrali. Makala inafika imelowa, na moto haukubali kitu kilicholowa. Wanachofanya: kuna vinu vikubwa vya magurudumu yenye nyundo, vinavuta moshi moto toka ndani ya shodiere yenyewe, moshi wa kama digrii 1,000, unapita kwenye kinu pamoja na makala, maji yanaruka kuwa mvuke palepale, makala inasagika kuwa unga, na vyote pamoja vinapulizwa kwenye moto. Akili nzuri sana. Lakini yale maji yote yamekuwa mvuke, yamechukua joto, yanatoka kwenye sheminé (bomba la moshi) na lile joto, hayarudi. Na juu yake hewa inayopita ndani ya shodiere ni nyingi kuliko ya makala nyeusi, njo maana lazima shodiere iwe kubwa sana: pale Niederaussem jumba la shodiere moja lina zaidi ya mita 170 kwenda juu na mnara wa kupoza mita 200. Mashini za zamani zilikuwa zinageuza theluthi moja hivi tu ya joto kuwa umeme, zile mpya za megawati 1,000 zinafika asilimia 43. Iliyobaki ni joto linaloenda hewani.

Kinachofuata kinatoka humo humo. Ukichoma kitu dhaifu unachoma mingi, na ukichoma mingi unatoa mingi: kwa kila megawati-saa moja ya linyiti ni karibu tani moja ya gesi ya kaboni, mara ingine zaidi, wakati gesi asilia inatoa chini ya nusu ya hiyo. Halafu salfa. Kule Mae Moh, Thailand, kaskazini, santrali ya linyiti kwenye bonde lililozungukwa na milima, miaka ya 90 asubuhi za baridi moshi ulikuwa haupandi, unashuka kwenye vijiji, watu wakakosa pumzi, mazao na wanyama vikaumia, ndipo wakaweka mitambo ya kuosha moshi kwa mawe ya chokaa. Mitambo hiyo inafanya kazi vizuri, salfa inakamatwa inakuwa jipsi unaweza kujengea nyumba, lakini iliwekwa watu wakiwa wameishaugua. Hapa Lubumbashi watu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya shaba, wale wa mitaa ya chini ya sheminé, wanajua harufu ya salfa kooni, sina haja ya kuongeza.

Na moto haukai santrali peke yake. Linyiti ikikauka kidogo kwenye hewa inaanza kupata joto yenyewe, na kwenye shimo lililoachwa wazi, siku ya upepo na jua, cheche moja inatosha. Februari 9, 2014 kule Morwell, Australia, moto wa msituni uliingia kwenye ukuta wa zamani wa mgodi wa Hazelwood, fasi ambayo haichimbwi tena lakini haikufunikwa. Ukawaka siku 45. Moshi na majivu vilikaa juu ya mji ule ambao uko kando kabisa ya shimo, watu wanafunga madirisha na majivu yanaingia, wazee na wamama wenye mimba waliambiwa wahame kwa muda wakati wiki zilikuwa zimeishapita. Kufunika ule ukuta ni gharama ambayo mwenye mgodi anaweza kuisukuma mbele mwaka kwa mwaka bila kitu kuonekana, mpaka siku inaonekana.

Kama ni hivyo, kwanini nchi zinaishikilia? Juu ni ya kwao. Haipandi bei na soko la dunia, haipiti bandari, haiulizi dola. Tabaka ziko nene sana, Hambach mpaka mita 70, Latrobe kuna fasi zinapita 100 na udongo wa juu ni kidogo. Ukiishalipa mashini, mikanda na pampu, tani inayofuata haina gharama kubwa. Lakini angalia vizuri maana ya hiyo: pesa yote inaingia mwanzo, na lazima vitu vyote vizunguke bila kusimama ndipo irudi. Mgodi hauna mteja mwingine, santrali haina muuzaji mwingine. Mmoja akisimama, mwingine amesimama. Mwenye mgodi hawezi kuuza makala yake Afrika Kusini bei ikipanda, mwenye santrali hawezi kuagiza ya nje ukuta ukianguka. Pampu nazo hazijali kama leo umeme unauzika ao hapana, lazima zivute.

Na kufunga kunakuja kwa pamoja vile vile. Hazelwood, santrali ya megawati 1,600, walitangaza Novemba 2016 kwamba inafungwa, na mwisho wa Machi 2017 ikazimwa, miezi mitano tu, mgodi na santrali siku moja, na bonde zima ambalo toka babu mpaka mjukuu lilikuwa linakula humo. Sisi tuna jina la kitu kama hicho. Depa volontere (kuacha kazi kwa hiari) ya Gécamines, 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka, na ukitembea Likasi, Kipushi, Kolwezi bado unakutana na familia ambazo hesabu yao ya maisha ilikatikia pale, shule ya watoto, hospitali, unga wa kila mwezi, vyote vilikuwa vya kampuni. Shimo linaacha watu namna ile ile hata kama ndani yake kulikuwa na shaba ao na linyiti.

Halafu wale wa mbele ya gurudumu. Upande wa Rhine makumi elfu ya watu wamehamishwa toka vita ya pili, vijiji vizima. Immerath walibomoa kanisa kubwa la mawe Januari 2018, watu wanaangalia. Kijiji cha Lützerath polisi walitoa watu Januari 2023, wakati serikali na kampuni walikuwa wameishakubaliana miezi michache kabla kwamba upande ule linyiti itaisha 2030, miaka minane mbele ya mwisho wa 2038 uliowekwa na sheria. Na shimo la Hambach litajazwa maji ya mto Rhine kwa mabomba, kazi ya miongo kadhaa, juu makala iliyokuwa inajaza fasi ile imeenda moshi, na udongo uliobaki hautoshi kujaza shimo.

Sasa turudi kwetu. Luena si linyiti, Kalemie si linyiti, ni makala za zamani zaidi na ngumu zaidi. Kwa hiyo picha ya Bagger haitusaidii, ile mashini haina kazi pale. Lakini swali la umbali linabaki lile lile, na historia yetu wenyewe inajibu sehemu. Reli ilipofika hapa, Élisabethville ya wakati ule, 1910, na tanuru la kwanza la shaba la kampuni ya Union Minière likawashwa 1911, koki (makala iliyookwa ya kuyeyushia shaba) haikutoka Luena, ilitoka Wankie, Rhodesia, ambayo leo ni Hwange, Zimbabwe, mbali vile lakini ubora ulikuwa unalipia safari. Leo hapo Hwange santrali imejengwa juu ya makala yenyewe, na Zambia wamefanya vile vile Maamba, karibu na ziwa Kariba, megawati 300 toka 2016, wanachoma makala ya ubora wa chini ambayo haina soko, kando ya mgodi. Mwaka 2024 ukame ulipokausha Kariba na Zambia ikakaa gizani masaa mingi kwa siku, Maamba ilikuwa kati ya vichache vilivyoshika. Hiyo ni hoja ya kweli ya watu wa makala, na mtu mwaminifu lazima aiweke mezani.

Kwa wandugu wa Bukavu mfano uko hata karibu zaidi: ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda wamejenga santrali ya Gishoma, megawati 15, ya kuchoma mboji ya bwawani, ile ambayo bado haijafika hata kuwa linyiti. Ina maji kuliko linyiti, inabidi ianikwe kwanza juani, na nchi yenyewe ni ya mvua. Kule Gisagara, kusini mwa Rwanda, imejengwa ingine ya megawati 80 kwa mboji ya bonde la Akanyaru, na bwawa lile lile ndilo linashika maji ya mashamba ya watu.

Msimamo wangu ni huu: mtu anayetaka santrali ya Luena asilete picha, alete karatasi za laboratwari. Makala ina maji kiasi gani, majivu kiasi gani, salfa kiasi gani, tabaka ina mita ngapi, udongo wa juu mita ngapi, santrali itakaa fasi gani, maji ya kupoza yatatoka wapi, nani yuko juu ya hiyo ardhi leo, na pesa ya kufunika shimo imewekwa kwa nani toka siku ya kwanza. Na karatasi hizo ziwekwe kando ya gharama ya kutengeneza tulivyo navyo. Mwadingusha, kwenye Lufira, ilifunguliwa 1930. Mashini zake sita zilitengenezwa upya na 2021 zikawa zinatoa megawati 78, kwa maji yale yale.